Cheupe au cha Njano

Ndani ya basi, fundi cherehani alitega sikio. Kwenye kiti cha mbele yake, seremala aliyekuwa akipiga chafya njia nzima alimwonyesha mwalimu wa chekechea vidonge viwili vya aleji.

"Hicho cheupe hakilazi," mwalimu akasema. "Cha njano kinakausha mafua chapuchapu, ila mwenzio nililala kabla ya watoto. Wao ndio walionifunika shuka."

"Mimi nashika msumeno, dada. Bora cheupe."

"Na kisipokusaidia, ukapiga chafya msumeno unazunguka?"

Seremala akavitazama vidole vyake. Fundi naye alikuwa akijiuliza hilohilo basi lilipoegeshwa kando, mahali pasipo kituo. Dereva akageuka, kope zikimwelemea.

"Samahani, mwalimu. Hicho cha njano huanza kulaza baada ya muda gani?"