Mama Pindo na Gauni la Wifi Yake

Jumapili ya kwanza ya mwaka 1987, wakati wa ushuhuda, marehemu alisimama mbele ya kanisa zima, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akasema: "Wapendwa, mimi na hasira tumeachana. Binadamu wa kunikasirisha bado hajazaliwa." Benchi la nyuma yake alikaa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye alikuwa ameshazaliwa tangu mwaka 1944. "Tutaonana dukani," alisema wifi, kwa sauti iliyofika hadi kwenye kwaya.

Marehemu, aliyejulikana na wengi kama Mama Pindo, alizaliwa tarehe 14 Mei 1951, mtoto wa tatu wa mpishi wa hospitali na mkunga. Alikuja wiki tatu kabla ya siku zake, na mama yake hakuchoka kusema kwamba mtoto huyu hakuwa na subira hata tumboni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akajifunza ushonaji miaka miwili katika ukumbi wa kanisa. Wanafunzi walikuwa ishirini, cherehani sita. Kungoja zamu ndilo lilikuwa somo la kwanza, na ndilo pekee alilofeli.

Mwaka 1970 alifungua duka lake: chumba kimoja chenye madirisha mawili, ukuta kwa ukuta na kinyozi. Alikuwa na cherehani ya miguu, pasi ya mkaa na mkasi mzito ambao hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuugusa. Pindo zake zilinyooka kama zimepigwa rula, na jina likatoka hapo.

Tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa na mwashi, mtu mpole wa maneno machache. Maneno yote ya ukoo huo alikuwa amepewa dada yake.

Jumanne baada ya ule ushuhuda, wifi alileta gauni la buluu lenye kola nyeupe. "Linabana." Likapanuliwa. Alhamisi akarudi: "Linapwaya." Likapunguzwa. Ijumaa: "Mbona linabana tena, shahidi wa Bwana?" Likapanuliwa. Jumamosi lilipwaya. Safari ya tano, Mama Pindo alichukua mkasi, akalikata gauni kiunoni, vipande viwili, mbele ya wateja watatu na kinyozi aliyechungulia na wembe mkononi. "Haya," alisema. "Sasa halibani wala halipwayi."

Wifi aliondoka bila gauni na bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kesho yake mchungaji alifika dukani. Hakuhubiri. Aliinua vile vipande, akauliza, "Hili linashoneka?"

"Linashoneka, baba mchungaji. Ila kovu litabaki."

"Basi shona. Na likibaki, liache."

Tangu siku hiyo mkasi ulitundikwa juu ya mlango, mahali ambapo haukufikiwa bila kupanda kiti. Mteja akimchokoza, Mama Pindo alichukua nguo ya kufumua, akafumua mishono kumi kabla ya kujibu. Midomo yake ilicheza, watoto walidhani anahesabu, kumbe anasali: "Bwana, nishikie ulimi, mikono yangu ina kazi." Kinyozi anakumbuka siku alizofumua hadi ikabaki kola peke yake. Wala hakushinda kila siku. Aliposhindwa, alifunga duka akamfuata mtu huyo hadi kwake kumwomba radhi, na hakungoja kesho.

Gauni alilipeleka kwa wifi Jumamosi kumi na sita mfululizo, akirudishwa mlangoni. Ya kumi na saba, mlango ulifunguka. "Ingia bwana," wifi alisema. "Majirani wanadhani unaniuzia sabuni."

Mwaka 2019 wifi alianza kusahau, na mwashi na mkewe wakamchukua wakae naye. Kila asubuhi baada ya chai alileta lile gauni. "Fundi, linabana." Hakujua tena fundi huyo ni nani kwake. Mama Pindo alifumua mshono wa ubavuni, akaushona tena palepale. Wifi alilivaa, akajigeuza kiooni. "Sasa umepatia. Bei gani?"

"Shilingi hamsini, dada." Ndiyo ilikuwa bei ya mwaka 1987. Jioni aliirudisha sarafu kwenye mkoba wa wifi, ili kesho asiadhirike.

Binti yake wa mwisho, aliyerithi ulimi wote, siku moja alichoka kutazama. "Mama, si umwambie tu kwamba gauni ni lilelile?"

"Nikimwambia, nani atapona? Safari ya tano niliiharibu, mwanangu. Mungu ananirudishia kila asubuhi. Niikatae?"

Machi 2024 madaktari waligundua kwamba moyo wa Mama Pindo umepanuka. Aliendelea kufumua akiwa kitandani. Wiki ya mwisho, hospitalini, hofu yake ilikuwa moja tu: "Nani atamshonea wifi?"

"Mama, usinitazame mimi," binti alisema. "Subira yangu haijai kijiko."

"Hata yangu haikujaa. Niliomba ya siku hiyo tu."

Alifariki Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kinyozi asiye na jirani, na wifi yake, aliyekaa benchi la mbele leo ndani ya gauni la buluu lenye kovu kiunoni. Bwana ampumzishe kwa amani mtumishi wake aliyejifunza kungoja.

Jana asubuhi, baada ya chai, wifi alileta gauni. Binti wa mwisho alivuta kiti. Alitunga uzi mara nne kabla haujapita, akafumua, midomo ikicheza, akashona mshono uliopinda. Wifi alilivaa, akajitazama kiooni kwa muda mrefu.

"Fundi mpya wewe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Utazoea. Bei gani?"

Shilingi hamsini.