Dada Orodha Anafunga Meza Yake

Tarehe thelathini mwezi huu Dada Orodha, kama mnavyomwita, anastaafu, baada ya miaka kumi na miwili katika kampuni hii. Ana miaka arobaini na nne tu. Kinachomtoa ni macho, kazi bado anaiweza kichwani. Mimi mpika chai wenu ndiye mama yake mzazi, na wenzake wameniomba niandike kwa sababu wao wakishika kalamu wanalia. Mimi nimeshalia yangu nyumbani. Shule niliishia darasa la saba, lakini mtoto wangu namjua.

Alipokuja alikuta ile programu yetu ya simu imevurugika. Habari, picha, sauti na matangazo vyote vilibanwa kwenye visanduku vya saizi moja. Picha zimekatwa vichwa, sauti hazina pa kubonyeza. Watu wenye digrii zao wakataka kila kitu kiwe na ukurasa wake. Yeye akakataa katakata. Alisema orodha ya vitu vyote kwenye simu ibaki moja, ila kila kinachoingia kiulizwe kwanza ni cha aina gani, kisha kipewe kisanduku cha umbo lake. Wao wanauita utaalamu. Mimi nasema aliujifunza kwenye kabati langu la vyombo, ambamo kila chombo kina nafasi ya umbo lake, na hakuna aliyewahi kunibishia, labda kwa kuogopa kukosa chai.

Si kwamba hakukosea. Ukisukuma orodha haraka, kisanduku kinachopotea juu hutumika tena chini, na kisiposafishwa hubaki na picha ya zamani. Ndivyo sura ya mkurugenzi ilivyotokea kwenye tangazo la beberu anayeuzwa. Mkurugenzi akauliza kama mnunuzi ameshapatikana! Ofisi nzima ilicheka. Binti yangu hakuinuka kitini mpaka kosa lilipokwisha, na tangu hapo halikumpita tena kosa la namna hiyo.

Mpaka mwaka jana. Picha ya bibi harusi ilikaa kwenye taarifa ya msiba, naye akaitazama, akasema iko sawa. Mwenzake wa meza ya jirani akamwambia kwa upole, "Dada, hebu angalia tena." Akaangalia tena. Hakuona kitu. Nilikuwa nimesimama pale na sinia. Nikarudi jikoni nikafungulia maji ili nisisikike. Wiki ileile akaandika barua ya kustaafu mwenyewe.

Kazi yake ya mwisho ameimaliza juzi. Sasa kila kisanduku kinajisoma kwa sauti, ili asiyeona naye apitie orodha nzima. Hakusema anamtengenezea nani.

Ila picha haijisomi. Jumapili sebuleni alifungua kundi lenu la ofisi, simu ikasema, "Picha. Picha. Picha." Akaniuliza, "Mama, ni kina nani hao?" Nikamtajia mmoja mmoja, mpaka rangi za mashati.

Tunamshukuru kwa yote, na tunamwombea siku za utulivu na watu wa kumtembelea. Nanyi wanangu, umri wangu mnauona, sitakuwa kando yake siku zote. Mkituma picha za sherehe hii ya kumuaga, andikeni chini ni nani amesimama, nani anacheka, nani amenuna. Hata ile yangu na birika. Andikeni nimependeza.