Zamu ya Msumeno

Nisikilizeni wanangu, na wewe kifungua mimba irudishe hiyo kalamu mfukoni, maana sitii sahihi, na nikishakufa msije mkanichovya kidole kwenye wino. Shamba la mama yenu halifunikwi paneli za jua.

Najua mmechoka kuitwa watoto wa Mzee Zamu, watu wa karakana ambayo msumeno ukinguruma randa inalala, na wingu likitanda, kama leo, kila mtu anapiga msasa kwa mkono. Mnaniambia, "Baba, jua ni la bure." Nani kabisha? Mimi ndiye niliyepanda juu ya paa hili kufunga paneli ya kwanza, mtaa mzima ukinicheka, nikaapa sirudii jenereta, na sijarudi. Lakini paneli hazinyeshi kutoka mbinguni, madini yake yanachimbwa ardhini, na betri nazo hufa. Makaburi yake yako nyuma ya stoo, nendeni mkayatazame. Tulipoongeza paneli ili tupumue, wewe kifungua mimba ukaleta msumeno wa pili. Tukaongeza tena, ukaleta mashine ya kupulizia rangi na oda za mbali, na jioni giza likatukuta palepale, ila sasa tukiwa na haraka. Ndoo iliyotoboka haijai kwa kupanua kisima. Na mbao je? Jua la kukata miti mmelipata. La kuikuza kwa kasi hiyo mtalitoa wapi?

Binti yangu, usimcheke kaka yako. Si mtu mbaya, ana njaa ya aliyeshiba. Nyumba hii ni yake. Karakana nakuachia wewe, kwa sharti moja: zamu isivunjwe. Shamba ni lenu wote, lilimwe, liliwe. Na jeneza langu msiliangushie mti. Mabaki ya mbao yanatosha, mimi si mrefu.

Mnasema nawarudisha nyuma. Semeni! Hata mlima una kilele, na anayefika akazidi kupanda, anapanda hewa.

Sogeeni... sauti inakwisha. Namwona fundi wa karakana anachungulia mlangoni. Jua ni hafifu, na feni hii inayonipepea inaunyima msumeno umeme. Mungu awape mikono mizima, na macho ya kuona kinachotosha.

Zimeni feni.

Zimeni, nimesema. Zamu yangu... mwacheni fundi akate.