Kichwa Kilichotaka Kunitenga na Wanangu

Kinamama wenzangu, na wazee mliotutembelea, shikamooni. Wakristo wamesali, Waislamu wameomba dua, sasa nivumilieni mimi. Simtaji mtu. Atakayejiona humu asinune, yameshapita.

Ndugu zangu, nimeumwa kichwa tangu nilipovunja ungo. Huku kwetu kichwa si ugonjwa. Ni malaria, au jua, au umelala na njaa. Unaambiwa, "Kunywa maji, kesho twende shamba." Changu kilianza kwa vimulimuli machoni, halafu upande mmoja unagonga kama mtu anatwanga mtama humo ndani. Natapika, nataka giza tu. Kesho yake nimepona, nachota maji na kuimba. Hapo ndipo watu waliponiona mwongo. Mgonjwa gani anaumwa siku ya shamba, kesho anacheka kisimani?

Tulipohamishwa kuja hapa kijijini, mambo yalizidi. Shamba la kijiji tulipalilia wote, na mstari wangu ndio uliobaki na majani. Mnakumbuka mlivyoniita? Kupe. Kupe anayenyonya jasho la wenzake. Mliimba mkipita, nami nikasikia nikiwa nimelala ndani ya tembe. Niliumia, kinamama, kuliko kichwa chenyewe.

Mama mkwe alikuwa na huruma kwa namna yake. Alisema wazee waliozikwa kule mahame, tulikohama, wamekasirika kwa kuwa niliondoka bila kuwaaga. Tukaenda, tukamwaga pombe ya mtama makaburini, tukaomba radhi. Kisha nikafukizwa: blanketi kichwani, moshi wa majani chini yake, mlango umefungwa. Nawaambia, moshi ule ndio uliokuwa unakiita! Nikifukizwa kinarudi kwa ukali, kikirudi nafukizwa tena. Mwisho mama mkwe alichoka. Akamwambia mwanawe mbele yangu, "Mrudishe kwao. Watoto watabaki, ni wa ukoo huu." Mume wangu akatazama chini. Kitinda mimba wangu alikuwa bado ananyonya.

Aliyenishika mkono ni mke wa balozi wetu wa nyumba kumi. Alimwambia mama mkwe, "Shikamoo mama. Hata ng'ombe huwa tunamtazama kwanza kabla ya kumtoa zizini. Twende naye zahanati." Tukaenda wote watatu.

Mganga aliuliza kama nina homa, kama shingo inakakamaa. Hapana. Kama kichwa chote kinabana, hasa nikiwa na mawazo mengi. Hapana. Akauliza, "Upande mmoja? Mwanga unakuudhi, harufu inakutapisha?" Nikasema ndiyo.

"Hicho ni kipandauso. Si uvivu, wala hujalogwa. Mara nyingi huwa kwenye ukoo. Kwenu nani anacho?"

Nilitaka kusema hakuna. Nikamkumbuka mama. Mama yangu alirudishwa kwao nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi. Nimekua nikiambiwa mama yako alikuwa mvivu, mchana kweupe anajifungia gizani kama bundi. Nikayasema hayo nikilia pale kwenye benchi, mbele ya wagonjwa wote. Mama mkwe akanifuta uso kwa kanga yake. "Mwanangu, twende nyumbani," akasema. Habari ya kunirudisha haikutajwa tena.

Baadaye nilimfuata mama kwao, kule Iramba. Nikakuta kaburi. Mjomba alinionyesha chumba alimokuwa akilala. Kidirisha chake alikuwa amekikandika udongo mwenyewe, mwanga usiingie.

Sijapona, ndugu zangu. Ila nakijua kikija. Silali na njaa, nakunywa maji, nameza vidonge mapema. Tena si kila siku, kwani mganga alinionya kwamba vikizidi navyo huleta kichwa chake.

Namshukuru mke wa balozi. Namshukuru mama mkwe, ambaye siku hizi ndiye anayenifungia mlango na kuwanyamazisha watoto. Nawashukuru ninyi mnaonipalilia mstari wangu siku nikilala, nami nawapalilia yenu nikiamka.

Kichwa chenye homa au shingo ngumu, kimbieni zahanati, msingoje. Na mkimkuta mwenzenu amejificha gizani, msimwimbie. Mpelekeeni maji, mumuulize ni upande gani unaomuuma. Mama yangu hakuulizwa na mtu. Alikufa akiamini kwamba yeye ni mvivu.