Aloyo, Aliyeandika kwa Majina ya Wengine

Ndugu, majirani, nanyi nyote mlioketi chini ya hema hili, marehemu Aloyo Babra alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 katika kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala, binti pekee wa marehemu Koplo Odyek, akalelewa na bibi yake, mama Abwola, aliyeiona shule kwa miaka miwili tu na ndiye aliyetunga maneno haya, kwa hiyo yakipinda mlaumuni yeye.

Alisoma shule ya msingi humo humo kambini, akamaliza sekondari mwaka 2012, akaingia chuo kikuu kusomea ualimu, na mwaka 2015, baba yake alipofariki, akaacha bila kuvaa joho, jambo ambalo wajomba wametaka lirukwe leo, lakini halirukwi.

Kuanzia mwaka 2016, katika chumba alichopanga na bibi yake Namuwongo, karibu na reli, aliwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu, kompyuta ikiwa juu ya kreti ya soda, na kanuni ya kazi hiyo ni kwamba ukimaliza unaweka jina la aliyeagiza, lako unalifuta. Bibi yake, aliyemwita Jaja, alimwambia wazi kwamba huo ni udanganyifu, kumvalisha mtu joho asilolitolea jasho, naye akajibu, ni kweli, Jaja, ila kuandika ndiko ninakojua.

Hata hivyo mama Abwola, akimenya mihogo mlangoni, alimuuliza kila asubuhi, leo wewe nani, na mtoto anajibu bila kuinua macho, leo mimi nesi mwanamume, Jaja, nina miaka hamsini, niko nchi ya barafu, kesho yake ni mjenzi wa madaraja, keshokutwa mchungaji anayebishana na maaskofu wake, na mama huyo, ambaye hashangai ovyo, aliweka kisu chini akakitazama kichwa kile kidogo alichokisuka mwenyewe, akijiuliza watu wote hao wanapata wapi pa kukaa humo ndani.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2018 na Cleopas Nyongesa, muuza viatu wa soko la Owino, mwanamume mpole kupita kiasi, wakajaliwa binti, Vera, mwaka 2020.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, akawa anasafishwa damu huku akiandika, hadi Mei mwaka huu vidole vilipokataa. Alitaka kutunga historia hii mwenyewe, bibi yake akamkatalia, akasema, umeiandikia dunia nzima, hii utaandikiwa. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, hospitalini, bibi akamuuliza kama kawaida, leo wewe nani, Aloyo akafikiri kidogo, akasema, leo ni mimi tu, Jaja, na kabla ya adhuhuri akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Namuwongo waliotupikia, na waandishi wenzake walioketi kule nyuma, ambao hawapendi kutajwa.

Jina lililo juu ya karatasi hii ni Aloyo Babra, na amri ya bibi yake ni kwamba asilifute mtu. Pumzika, mjukuu, kwa jina lako mwenyewe.