Marehemu Optatus Rweyongeza na Uso wa Nyumba Nne

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Gladness, mdogo wake Brigitha, shemeji wa marehemu, nasoma historia hii kwa niaba ya familia, kwa kuwa ndugu zake wa damu wamekosa viza.

Marehemu Optatus Rweyongeza alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kanyigo, mkoani Kagera, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha Sekondari ya Ihungo, na mwaka 1983 akajiunga na Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, kusomea mipango miji. Mwaka 1989 alipata ufadhili wa kwenda Bath, Uingereza, mji uliopangwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, enzi za wafalme walioitwa George, na huko ndiko alikoambukizwa ugonjwa wake wa kwanza, ule usiotibika hospitali, wa kupenda nyumba zilizoungana kwa safu, madirisha yamelingana, mtaa mzima ukikutazama kama jumba moja la kifalme, kumbe nyuma kila mwenye nyumba amejijengea chake anavyotaka.

Alifika hapa Stockholm, Sweden, Septemba 1993 kuendelea na masomo, mwaka 1995 akaajiriwa kuwa afisa mipango miji katika kommun, yaani halmashauri, moja ya kusini mwa jiji, akafanya kazi huko mpaka alipougua, akichora mitaa ya aina hiyo kwa ajili ya watu wa kawaida, bustani katikati na milango ikitazamana, na hakuna hata mmoja uliojengwa. Tarehe 8 Juni 1996 alifunga ndoa na dada yangu Brigitha, muuguzi msaidizi, Mungu akawajalia Eve mwaka 1998 na Axel mwaka 2001, waliolelewa Norsborg, pembeni mwa jiji, katika ghorofa ya kupanga, wakiambiwa kila Krismasi kwamba nyumba yao hasa iko Kanyigo.

Mwaka 2006, kwenye kibanja, shamba la migomba aliloachiwa na baba yao huko Kanyigo, shemeji alianza ujenzi kwa mtindo wa Bath, yaani uso kwanza, ukuta mmoja mrefu wa matofali, milango minne, madirisha ya ghorofa mbili, ili yeye na wadogo zake watatu kila mmoja ajenge vyumba vyake kwa nyuma, kisha paa liwe moja, na alipoulizwa kwa nini asimalizie sehemu yake akajibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kila mwamba ngoma huvutia kwake, mmoja alijenga Mwanza, mwingine Dodoma, na Humphrey, anayemfuata kuzaliwa, akajenga Bukoba mjini, akisema wazi kwamba nyumba za kushikana kuta ni kota za reli, Mhaya hakai mahali anaposikia jirani akikoroma. Shemeji hakukasirika, alisubiri, akatundika picha ya ule ukuta sebuleni, nasi wageni tukaisifu nyumba, na dada yangu, aliyekwisha kuona kuwa nyuma yake ni migomba mitupu, alinyamaza kwa kumpenda.

Machi 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na ombi lake lilikuwa moja, asafirishwe, alale usiku mmoja ndani ya nyumba yake, atolewe kwa mlango wake, azikwe. Alifariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025. Tulipopiga simu, wazee wa ukoo waliuliza jeneza litaingizwa nyumba ipi, maana ya wazazi ilishaanguka, na mtu mzima halazwi nyuma ya ukuta usio na paa mvua ikinyesha. Humphrey, huku akilia, alisema aletwe kwake, lakini dada yangu alikataa, akasema mtu aliyewajengea wenzake milango hawezi kutolewa kwa mlango wa kuazima, bora azikwe huku huku. Ukoo umeamua ukuta ubomolewe kabla haujaangukia watoto, na matofali yagawanywe, na hilo ndilo jambo la kwanza wadogo zake watatu kukubaliana. Mimi limeniuma, nalisema mbele yenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Norsborg waliotupikia, wafanyakazi wenzake wa kommun, na ndugu yetu Kiprono, aliyekuwa akitoka Kista, upande wa pili wa jiji, kuja kumpeleka hospitali.

Shemeji Optatus, nyumbani hatukukufikisha. Pumzika kwa amani, hapa hapa ugenini.