Malachy Breslin, Aliyevuka Mto na Jezi Yake

Marehemu Malachy Breslin alizaliwa tarehe 3 Novemba 1956 katika parokia ya Kilcarrow, kaunti ya Leitrim, mtoto wa pili wa mzee Packie Breslin na mama Winifred. Mkubwa wetu ni Eugene, na kitinda mimba ni mimi, Attracta, ninayewasomea.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Kilcarrow, kisha ufundi mjini Carrick hadi mwaka 1973. Vitabu hakuvipenda. Alipenda kupiga mpira juu ya paa la zizi, hadi ng'ombe wakapunguza maziwa na baba akaja juu. "We mtoto, ng'ombe au mpira, chagua kimoja." Alichagua, kama mnavyojua.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maziwa. Mpira wetu wa Kigaeli, unaochezwa kwa miguu na mikono, haumlipi mtu. Unaichezea parokia ulimozaliwa mpaka miguu ikatae. Malachy aliingia timu ya Kilcarrow mwaka 1974, mshambuliaji wa pembeni mwenye mguu wa kushoto uliowanyima mabeki usingizi. Eugene alikuwa beki wa timu hiyo hiyo.

Tarehe 18 Juni 1983 alimwoa Dympna Gaffney wa Drumnagh, parokia ya ng'ambo ya mto, akahamia kwao. Hilo lilisameheka. Mwaka uliofuata akahamisha na jezi. Oktoba 1986 Drumnagh na Kilcarrow walikutana fainali ya kaunti. Zikiwa zimebaki sekunde chache na timu ziko sare, Malachy alimpiga chenga Eugene, akapiga mpira juu ya mwamba wa goli, ambao katika mpira wetu ni pointi, na hiyo ikawa pointi ya ushindi. Nimeambiwa mara nyingi kwamba mpira ule ulipita nje ya mlingoti. Nilikuwa nyuma ya goli. Ulipita ndani.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji. Mto wetu ulikuwa mzito kuliko damu. Baba hakuzungumza naye tena. Baba alipofariki, Februari 1991, Malachy alikuja kutia bega chini ya jeneza, kwa kuwa kwetu wana humbeba baba yao. Eugene akamwambia mbele ya watu wote, "Toka hapo. Nenda Drumnagh wakupe baba wa kumbeba." Malachy akarudi nyuma ya msafara. Nilimshika mkono, tukatembea pamoja. Siku ile sijaisamehe, na Eugene anajua.

Mwaka 2018 akili ilianza kumtoka. Daktari alisema huenda ni vile vipigo vya kichwa uwanjani. Alimsahau Dympna, akawasahau binti zake. Msiba wa baba hakuusahau. Kila asubuhi alivaa suti na kuuliza, "Wameshamtoa mzee? Nipisheni, mimi ni mwanawe." Dympna alimjibu, "Bado, mpenzi. Kunywa chai kwanza." Alifariki tarehe 9 Machi 2024, akiwa amevaa koti.

Mapema katika ugonjwa wake, angali ana fahamu, aliomba jambo moja tu: Eugene awe miongoni mwa watakaombeba. Jana Eugene alikuja kwenye mkesha, nyumbani kwa Malachy. Hakuwa amekanyaga nyumba ile hata siku moja. Akasimama kando ya jeneza, akasema, "Amekonda."

"Bega la mbele, Eugene," nikamwambia. "Ndilo alilotaka."

"Haki ya Mungu ningembeba, Attracta. Nyonga zote mbili wameniwekea chuma. Hata ndoo ya maji siwezi."

Akalia. Nilitaka kumwambia kwamba miaka yote ile nyonga zake zilikuwa nzima. Nikamletea kiti.

Marehemu ameacha mjane, Dympna, binti zake, Sorcha na Gráinne, wajukuu wanne, mimi dada yake, na kaka yake Eugene, ambaye leo anatembea nyuma ya jeneza. Mungu ampe Malachy pumziko, na amani aliyoikosa kwetu.